AMALI NDOGO YENYE KUDUMU: Namna ya Kuurekebisha Mlo Wetu Hatua kwa Hatua

(Mada iliyowasilishwa msikitini baada ya Swala ya Al-asiri, katika mwezi wa Shaaban)

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote, aliyetuumba katika umbo lililo bora na akaturuzuku vilivyo vizuri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad:



Huenda baadhi yenu mkashangaa kwamba tumepewa fursa ya kuzungumza mbele yenu, nasi tukachagua kuzungumzia sinia la chakula. Lakini dini yetu haikuacha jambo la mja bila ya kulitolea muongozo, na miongoni mwa mambo hayo ni hili tulifanyalo mara tatu au nne kila siku na aghlabu hatulifikirii. Zaidi ya hayo, ipo sababu iliyo karibu nasi, na tunaomba mturuhusu tuieleze.

Mwalimu wetu wa kwanza, aliyetushika mkono na kutufundisha alifu, be, te, tulimuacha akiwa mzima tulipokwenda masomoni nchi za Kiarabu. Tuliporejea tulimkuta amekatwa mguu mmoja. Alikuwa akiishi na kisukari kwa miaka mingi. Siku moja alikanyaga msumari asihisi maumivu, kwa kuwa maradhi hayo huua hisia za nyayo. Kidonda kikaoza kabla hajakijua. Nyumba yake iko hatua hamsini kutoka msikitini. Leo anaisikia adhana kwa masikio yake na anaswali juu ya kitanda. Tulipokwenda kumjulia hali alitueleza, huku akilengwalengwa na machozi, kwamba aliifundisha hadithi ya kuligawa tumbo mafungu matatu kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo kikombe chake cha chai hakikupungua vijiko vinne vya sukari.

Maneno yale yalituchoma. Na haukupita muda mrefu nasi tukapimwa shinikizo la damu, tukaambiwa liko juu, hali hatujafika miaka arubaini. Basi msidhani kwamba anayezungumza nanyi leo ni tabibu au mtu aliyekwisha kufaulu. Anayezungumza nanyi ni mgonjwa mwenzenu aliyeanza kujirekebisha.

Kabla hatujaendelea, tungependa kuondoa dhana moja mbaya. Si kila mwenye kisukari au presha ameyapata maradhi hayo kwa ulaji wake. Kipo kisukari kinachowapata watoto wadogo bila ya kosa lolote lao, na yapo mambo ya kurithi katika ukoo. Haijuzu, basi, kumtazama mgonjwa kwa jicho la lawama. Tunalolizungumza hapa ni lile lililo mikononi mwetu.

MWILI NI AMANA

Ndugu zetu, Allah (S.W.) katika Suratul-A'raf, aya ya 31, ametuamrisha kula na kunywa, kisha akatukataza israfu na akatujulisha kwamba Yeye hawapendi wenye kufanya israfu. Tazameni mpangilio huo: amri ya kula imetangulia. Uislamu hauwataki watu waichukie neema, wala haumruhusu mtu kujiharamishia kilicho halali, kama inavyobainisha Suratul-Maida, aya ya 87. Kilichokatazwa ni kuvuka mpaka.

Imepokewa na Al-Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alimzindua Abdullah bin Amr bin Al-Aas, ambaye alikuwa akifunga na kukesha kupita kiasi, kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa mwili una haki ya kutodhulumiwa kwa ibada iliyopita kiasi, itakuwaje kuudhulumu kwa mafuta, chumvi na sukari?

Ama hadithi ya mafungu matatu, ameipokea At-Tirmidhi na wengineo kutoka kwa Al-Miqdam bin Ma'dikarib. Wengi wetu tunaihifadhi kuanzia katikati, na tunalisahau neno la mwanzo. Mtume (S.A.W.) alianza kwa kueleza kwamba mwanadamu vinamtosha vitonge vichache vya kumuweka wima. Kisha, kwa asiyeweza kutosheka na hivyo, ndipo akataja theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Kwa hiyo asili ni vitonge vichache, na theluthi ni ukomo wa ruhusa. Sisi tumeufanya ukomo kuwa mwanzo, tena wengi wetu tunauvuka.

Hapa pana faida ya kielimu ambayo hatupendi ipite. Mara nyingi husikika juu ya mimbari maneno kwamba tumbo ni nyumba ya maradhi, yakinasibishwa kwa Mtume (S.A.W.). Ibn al-Qayyim, katika kitabu chake Zad al-Ma'ad, ameeleza kwamba hayo ni maneno ya Al-Harith bin Kalada, aliyekuwa tabibu wa Waarabu. Maana yake inaweza kuwa nzuri, lakini hatuna ruhusa ya kumsemesha Mtume (S.A.W.) asichokisema, hata kama tunataka kuwahimiza watu kwenye kheri. Zilizo sahihi zinatutosheleza.

KWA NINI TUNASHINDWA?

Wengi wetu tumejaribu. Mtu hutoka kwa daktari amejawa na hofu, akaazimia siku hiyo hiyo kuacha sukari, kuacha wali, kuacha nyama, kuacha mafuta na kuanza kukimbia kila alfajiri. Siku tatu anashikilia. Siku ya nne anakwenda harusini. Siku ya tano amerejea alikokuwa, tena kwa kulipiza.

Kasoro hapa iko katika njia. Tumeisahau kanuni mbili ambazo dini yetu imejengwa juu yake.

Kanuni ya kwanza ni kwenda hatua kwa hatua. Pombe haikuharamishwa kwa siku moja. Iliteremka kwanza aya ya Suratul-Baqara (219) inayobainisha kwamba madhambi yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Kisha ikateremka aya ya Suratun-Nisaa (43) ya kukataza kuisogelea swala katika hali ya ulevi. Mwisho ikaja aya ya Suratul-Maida (90) ya kuikataza moja kwa moja. Mola aliyeziumba nafsi anajua namna zinavyoachishwa walichokizoea. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kilicho haramu, vipi kwa chai ya sukari ambayo asili yake ni halali?

Kanuni ya pili ni kudumu. Imepokewa na Al-Bukhari na Muslim kutoka kwa Mama Aisha (R.A.) kwamba amali zinazopendeza mno kwa Allah ni zile zenye kudumu hata zikiwa kidogo. Kwa mujibu wa mizani hii, kijiko kimoja kilichopunguzwa na kikadumu miaka kumi ni bora kuliko kuacha sukari yote kwa siku tatu.

Na elimu ya leo inakwenda sambamba na hilo. Mwaka 2010, Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London walichapisha utafiti wao juu ya watu 96. Kila mmoja alichagua jambo moja dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, akalifungamanisha na jambo jingine analolifanya kila siku, kwa muda wa majuma kumi na mawili. Ilidhihiri kwamba jambo liligeuka kuwa mazoea kwa wastani wa siku 66. Lakini watu walitofautiana sana: ilikadiriwa kuwa wapo wa siku 18 na wapo wa siku 254. Tena ikaonekana kwamba aliyekosa siku moja hakuharibu kitu. Akiendelea kesho yake, jengo halibomoki.

Basi mwenye kuteleza harusini asikate tamaa. Muumini anapoteleza hurejea.

TUANZIE WAPI?

Ndugu zetu, tumesema kwamba jambo jipya hushika likifungamanishwa na jambo la zamani. Je, ni umma gani ulio na nguzo za siku zilizo imara kuliko sisi? Tuna swala tano. Tunaweza kuzitumia kama vigingi vya kufungia mazoea mema. Tunapendekeza mambo machache, na kila mtu achague MOJA tu la kuanzia.

Kwanza: Sukari ya chai. Aghlabu tunakunywa chai baada ya Alfajiri, baada ya Al-asiri na usiku. Mwenye kutia vijiko vitatu katika vikombe vitatu anakunywa vijiko tisa kwa siku, na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi. Hizo ni gramu 36. Shirika la Afya Duniani, katika muongozo wake wa mwaka 2015, limeshauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata katika chakula, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima, na likasema kushuka mpaka gramu 25 hivi kuna faida zaidi. Chupa moja ya soda ya mililita 300 aghlabu ina gramu 30 au zaidi. Mwenye chai tatu na soda moja amekwisha kuvuka mpaka kabla hajala andazi. Na asali, pamoja na utukufu wake, imo katika hesabu hiyo hiyo.

Dawa yake ni hii: punguza nusu kijiko katika kila kikombe, ukae wiki mbili. Kisha nusu nyingine, wiki mbili. Kwa miezi miwili utakuwa umetoka vijiko vitatu mpaka kimoja, na ulimi umezoea. Hapo umeokoa vijiko sita kwa siku, sawa na gramu 720 kwa mwezi, karibu robo tatu ya kilo kwa mtu mmoja. Familia ya watu watano wanaokunywa hivyo itaokoa zaidi ya kilo tatu na nusu kila mwezi. Thamani yake itoeni sadaka, mtakuwa mmepata afya na thawabu kwa kijiko kimoja.

Pili: Chumvi. Kiasi kilichoshauriwa na Shirika hilo ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa kila kilichopikwa na kilichonunuliwa. Chumvi ikizidi hupandisha shinikizo la damu, nalo halina maumivu ya kukuzindua mpaka limeshaharibu moyo, figo au ubongo. Anzeni kwa kuondoa kibakuli cha chumvi kwenye mkeka. Anayeitaka ainuke akaifuate jikoni. Mtaona ni wangapi watakaoinuka. Na vile vidonge vya kuungia mchuzi vina chumvi nyingi, kwa hiyo ukivitia, punguza chumvi ya mkono. Ndimu, tangawizi, kitunguu thaumu na pilipili manga vinaleta ladha bila ya madhara hayo.

Tatu: Mboga na matunda. Kinachoshauriwa ni gramu 400 kwa siku, na hapa petu hilo si jambo la matajiri. Mchicha, matembele na kisamvu vinapatikana, na ndizi, papai na machungwa yanauzwa mlangoni. Tatizo letu ni kwamba mboga tunaipakua mwisho, kijiko kimoja pembeni ya mlima wa ugali. Ipakueni kwanza, ijaze nusu ya sahani, kisha wali au ugali robo, na robo iliyobaki iwe ya maharage, kunde, dagaa, samaki au nyama. Hamkuongeza gharama, mmebadilisha mpangilio tu.

Nne: Unga. Sembe nyeupe imeondolewa ganda na kiini cha mahindi, na pamoja nayo nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini. Unga wa dona vimo. Asiyeizoea dona achanganye, kibaba kimoja cha dona kwa vitatu vya sembe, kisha aongeze pole pole. Lakini mahindi yawe makavu na yasiwe na ukungu, kwani sumukuvu si mchezo: mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Tano: Kinywaji na hatua za miguu. Badala ya soda ya Al-asiri, kunyweni maji. Na chakula cha usiku kiliwe mapema, ikiwezekana kabla ya Isha, ili kutembea kwenda msikitini na kurudi kuwe baada ya kula. Mwenye pikipiki aiache nyumbani kwa swala moja kila siku.

ADABU YA KUBADILISHA NYUMBANI

Enyi akina baba, tunakuombeni jambo. Msitoke hapa mkaenda kuwahutubia wake zenu. Imepokewa na Al-Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) hakukitia aibu chakula kamwe: akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Mama anapika kilichonunuliwa, na mara nyingi mnunuzi ni sisi. Anayeleta nyumbani kilo tano za sukari na nusu kapu la soda hana haki ya kulalamikia jiko. Anzeni kwa mfuko mnaoubeba mikononi.

Na mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi mpaka yakawa meusi yamwagwe. Kubana matumizi kwa namna hiyo ni hasara. Apangiwe mama mafuta machache, na vya kukaanga viwe vya siku maalumu.

Ama watoto, wanafuata wanachokiona. Katika madrasa yetu, watoto walikuwa wakitoka darasani na kukimbilia pipi, ubuyu wa rangi na barafu za sukari. Tulifikiri kupiga marufuku, kisha tukaogopa kwamba tungewafundisha kuficha. Tukawaomba wazazi wachangie kwa zamu, leo ndizi, kesho machungwa, na sinia likawekwa mlangoni wakati wa mapumziko. Hatukufaulu kwa kila mtoto, na zipo wiki ambazo zamu ilikatika na sinia likawa tupu. Lakini wengi wamezoea, na sasa wakikuta sinia halipo wanauliza.

RAMADHANI INATUKARIBIA

Ndugu zetu, mwezi mtukufu uko mlangoni, nao ndio shule kubwa ya kubadilisha mazoea. La kusikitisha ni kwamba wapo wanaoumaliza mwezi huo wameongezeka uzito. Mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka kumi, alituuliza darasani: ikiwa theluthi ni ya pumzi, mbona usiku wa Ramadhani watu msikitini wanaswali tarawehe huku wakihema? Hatukuwa na jibu ila kuinamisha kichwa.

Anas bin Malik (R.A.) ameeleza, kama walivyopokea Abu Daud na At-Tirmidhi, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akifuturu kwa tende mbichi kabla ya kuswali, asipozipata basi tende kavu, na asipozipata basi mafundo ya maji. Tukiishika sunna hii kama ilivyo, tukafuturu kwa tende chache na maji, tukaswali Magharibi, kisha tukarudi kwenye futari, nafsi itakuwa imetulia na mkono hautakwenda mbio. Muhogo, magimbi, maharage na uji vinatosha kuwa futari. Si lazima sambusa, bajia, kachori na kaimati vikutane katika sinia moja kila siku.

Na daku msiiache, kwani Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba ndani yake mna baraka. Ama mwenye kisukari, hasa anayechoma sindano, akamuone daktari kabla ya mwezi kuandama. Allah (S.W.) amemruhusu mgonjwa kutofunga, na kuikubali ruhusa ya Mola si udhaifu wa imani.

Kwa kamati ya msikiti tuna ombi. Futari ya pamoja mwaka huu iwe na maji na matunda badala ya soda, na cha kukaanga kiwe cha aina moja tu. Wenye kujitolea kufuturisha waelezwe kwa upole kwamba thawabu haipungui kwa kupungua mafuta.

HITIMISHO

Tumalizie pale tulipoanzia. Juzi tulikwenda tena kwa mwalimu wetu. Binti yake alimletea chai, naye akatuonyesha kikombe: kijiko kimoja. Alitwambia kwamba mguu hautarudi, na yeye ameridhika na qadari ya Mola wake. Anachokitaka ni macho yake yabaki, ili aendelee kuusoma Msahafu, kwa sababu ameambiwa kwamba kisukari kisipodhibitiwa huenda kikayachukua na hayo. Mzee wa miaka sabini amebadilika kwa nusu kijiko nusu kijiko. Sisi wenye miguu miwili tuna udhuru gani?

Suratut-Takathur inatukumbusha kwamba tutaulizwa Siku hiyo juu ya neema. Miguu inayotufikisha msikitini ni neema, na macho yanayosoma ni neema. Basi kila mmoja wetu, kabla ya kuinuka hapa, achague jambo moja kati ya hayo matano, anuie kwa ajili ya Allah, na alianze leo baada ya Magharibi. Tukikutana Idi, InshaAllah, tutaulizana.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, ampe mwalimu wetu malipo ya subira yake, na atujaalie kuwa miongoni mwa wale wanaosikia maneno na kuyafuata yaliyo mema yake. Tuliyoyasema ya haki yanatoka kwa Allah, na tuliyokosea yanatokana na nafsi zetu na shetani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.